Uzi wa Nne

Kama kuna mtu aliyewahi kuingia sebuleni kwa Mwalimu akatoka bila kuulizwa swali kuhusu zile picha za ukutani, mtu huyo alikuwa fundi bomba, na hata yeye aliponea chupuchupu. Wenzake huweka ukutani picha za harusi, maua ya plastiki na kalenda ya duka la dawa. Mwalimu aliweka seli. Seli iliyotulia, seli iliyovimba, seli iliyojibana kiunoni tayari kuwa mbili, zote amezichora mwenyewe kwa rangi za maji. Mgeni akikaa tu na kupewa glasi yake ya maji, anaulizwa, "Hebu tazama ile ya katikati. Unaona nini?" Ole wake aseme anaona yai la kukaanga. Atakaa hapo hadi jioni, na ataondoka akiwa ameelewa, apende asipende.

Fremu za picha hizo alizitengeneza mume wake, seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Na ukweli usemwe, katika ndoa yao yote hiyo Fundi hakuwahi kujua hata picha moja inasema nini. Yeye alichojali ni pembe zikae sawa na kioo kisicheze. Mwalimu alikwishakata tamaa ya kumfundisha tangu wangali maharusi wapya, siku alipomweleza kwa kirefu jinsi seli moja inavyozaa mbili, akachora, akafuta, akachora tena, na alipomaliza Fundi akauliza kama chakula kiko tayari. Walicheka sana siku ile. Tangu hapo kila mmoja alishika lake, yeye mbao, mkewe seli.

Sasa shule aliyofundisha Mwalimu hadi kustaafu ilikuwa imejengewa maabara mpya. Wanafunzi wake wa zamani, ambao siku hizi ni watu wazima wenye vitambi na watoto, wakakaa wakakubaliana kwamba ule ukuta mkubwa unaotazamana na mlango usiachwe mtupu. Uwekwe picha ya mgawanyiko wa seli, iliyochorwa na Mwalimu, ikuzwe hadi ipite ukubwa wa mlango, na chini yake liandikwe jina lake. Ipendezeshe chumba na ifundishe papo hapo. Walipomletea habari hiyo Mwalimu aliwauliza kama wamehakikisha ukuta hauna unyevu. Walipoondoka aliingia chumbani akalia kwa furaha, na Fundi alimsikia, akajifanya hamnazo.

Alichora kwa wiki kadhaa, mezani karibu na dirisha, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alichagua ile hatua anayoipenda kuliko zote. Ndani ya seli mna nyuzi zinazobeba urithi wa kiumbe. Vitabuni zinaitwa kromosomu, lakini Mwalimu darasani alisema nyuzi. Kabla seli haijagawanyika, kila uzi hujizalia mwenzake, kisha wenza hao huvutwa, mmoja juu, mmoja chini, ili kila seli mpya ipate haki yake kamili. Mwalimu alichora seli yenye nyuzi nne, kwa hiyo juu ziende nne na chini ziende nne. Na hapo ndipo ilipokuwa sheria yake kuu, ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaijua hata ukimwamsha usingizini: hesabu nyuzi kabla hujatia rangi. Mwanafunzi aliyechora pungufu alirudishiwa kazi yake bila neno, ina mstari mmoja mwekundu. Wengine waliuogopa mstari ule kuliko fimbo.

Picha ilipokamilika Fundi aliipeleka mwenyewe dukani kwa Wino. Huyu Wino, naye mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, alikuwa na duka la uchapaji, na jina hilo alilipata shuleni kwa sababu sare yake haikukosa doa hata siku moja. Kesho yake Wino akampigia simu. Hakumpigia Mwalimu, alimpigia yeye, na akasema tafadhali aje peke yake.

"Shikamoo, Baba," Wino alisema. "Kaa kwanza."

"Marahaba. Mashine imeichana?"

"Haijachanika. Angalia hapa." Alimgeuzia kompyuta. Picha ilikuwa imejaa kioo chote, ya zambarau na waridi, inapendeza mno. "Nihesabie nyuzi za juu."

"Nne," alisema Fundi.

"Na za chini?"

Fundi alivaa miwani. "Tatu."

Wino akamtazama. Fundi naye akamtazama. Nyuma yao mashine ilikuwa ikitema vipeperushi vya mtu wa magodoro.

"Kwani lazima zilingane?" Fundi aliuliza.

"Baba, umeishi na Mwalimu miaka yote hiyo," Wino alisema taratibu. "Zisipolingana, hiyo si seli, ni ugonjwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora tatu. Alinirudishia mbele ya darasa."

Ndipo Fundi alipoelewa. Hakuwa akiwaza habari za seli. Aliwaza juu ya jirani yao aliyefiwa na mume. Mwalimu alikwenda kumpa pole msiba ulipotokea, kama ilivyo ada ya majirani. Miezi ikapita, kaburi likaota majani, na siku moja Mwalimu akavaa nguo zake za heshima akaenda tena kumpa pole, akalia upya, akauliza mazishi ni lini. Yule mama wa watu, Mungu amzidishie, hakumsahihisha. Alimkaribisha, wakalia wote, kisha akamsindikiza hadi mlangoni kwake na kumnong'oneza Fundi yaliyotokea. Tena kulikuwa na ufunguo uliokutwa ndani ya pipa la unga. Na kulikuwa na binti yao aliye mbali, aliyepiga simu kuuliza mbona mama anamwuliza swali lile lile, Fundi akamjibu, "Uchovu tu, mwanangu." Alilisema jibu hilo mara nyingi hadi akaanza kuliamini.

"Naweza kuurekebisha," Wino alisema. "Nachukua huu uzi wa juu, naugeuza, naubandika chini. Kazi ya dakika chache. Hakuna atakayejua." Akasita. "Au tumwambie achore mwenyewe. Sijui, Baba. Wewe ndiye unayeishi naye."

Tusiwe wepesi wa kumlaumu Fundi. Aliona kwa macho ya moyo maabara mpya imejaa, watu waliowahi kutetemeka kwa ajili ya mstari mwekundu, wote wanahesabu kimyakimya, wote wanafika tatu, wote wanatazama chini. Aliona mkewe akisoma nyuso zao. Na akajiona yeye mwenyewe mezani nyumbani, akijaribu kuanza sentensi ile, na hakuona jinsi ya kuimaliza.

"Ubandike," alisema. "Na hili libaki hapa."

"Nimwambie nani, Baba? Yule kwangu ni mama."

Picha iliyokuzwa ililetwa ikiwa imeviringishwa, ikaingia moja kwa moja kwenye karakana ya Fundi uani. Fremu alitaka kuitengeneza yeye, hata wangemletea ya dhahabu asingekubali. Mchoro wenyewe wa asili aliuficha nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani. Alipanga kwamba picha kubwa itafunikwa shuka hadi siku ya ufunguzi, na siku hiyo, katika nderemo na picha za simu, nani atakaa kuchunguza uzi mmoja. Mpango ulikuwa mzuri, isipokuwa ulimsahau mwenye picha. Mwalimu hakuwa mtu wa kungoja kualikwa kuona kazi yake.

Aliingia asubuhi moja Fundi akiwa amepiga magoti anagonga pembe ya mwisho, picha imelazwa juu ya meza ndefu, wazi kabisa. "Kumbe imeshafika na hukuniambia," alisema. "Mwanamume huyu ana siri." Akaizunguka meza akitabasamu, mikono nyuma, kama alivyozunguka madawati maisha yake yote. Alisifu rangi. Alisema utando wa seli umetoka vizuri. Alifika upande wa chini akasimama. Tabasamu lilikaa usoni mwake kidogo, kisha likaondoka.

"Huu uzi si wangu," alisema.

Fundi aliendelea kugonga mahali ambapo hapakuhitaji kugongwa. "Utakuwaje si wako, na picha ni yako?"

"Fundi. Ukiletewa kiti ulichokitengeneza wewe, na mguu mmoja katia mtu mwingine, hutajua?"

"Nitajua."

"Basi na mimi najua." Aliweka kidole. "Huu wa chini ni ule wa juu umegeuzwa. Tazama hapa brashi ilipokatika. Tazama na kule. Mimi sijawahi kuchora nyuzi mbili zinazofanana tangu nizaliwe. Zinatoka kwa uzi mmoja, ndiyo, lakini kila uzi unavutwa kivyake na unajikunja kivyake. Nimesema hivi darasani hadi sauti ikanikauka." Alikuwa ameanza kupandisha sauti. "Ni yule mtoto, Wino. Ameniharibia wangu kwa mashine zake, akaona aokoteze mwingine abandike. Na jina langu likae chini yake. Simu yangu iko wapi?"

Simu ilikuwa mfukoni mwake, akaitoa. Fundi alimjua Wino. Wino angepokea, angesikiliza matusi yote, angesema nisamehe Mwalimu ni mimi niliyeharibu, na angelibeba hilo mbele ya wenzake wote bila kufumbua mdomo. Kila kitu kingekaa salama. Ilikuwa ni kunyamaza tu, jambo rahisi kuliko yote, na alikuwa amekwisha kulizoea. Mwalimu alikuwa anatafuta namba.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Nilimwambia mimi aubandike."

"Wewe? Wewe unajua nini kuhusu nyuzi?"

"Zilikuwa tatu."

"Zilikuwa wapi tatu?"

"Chini. Juu nne, chini tatu. Wewe ndiye uliyechora hivyo."

Mwalimu alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Haiwezekani."

Fundi alikwenda nyuma ya mbao akautoa mchoro, akaupangusa vumbi la msumeno kwa mkono wa shati, akamwekea mezani. Mwalimu aliinama. Alihesabu kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia. Akahesabu kutoka kulia kwenda kushoto. Aliinua karatasi akaitazama kwenye mwanga, labda uzi ulikuwa umefifia tu, labda maji yaliumwagikia. Pale ambapo uzi wa nne ungepaswa kuwa palikuwa peupe, pasafi, hapajaguswa hata na penseli. Akaketi juu ya lundo la mbao, naye hupenda kumgombeza mumewe akimwona amekalia mbao zile.

"Nilihesabu," alisema. "Nakumbuka nilihesabu."

"Najua."

"Ulianza lini kujua? Usinidanganye."

"Ulipokwenda kumpa pole jirani mara ya pili."

"Mara ya pili gani? Nilikwenda mara moja."

Hapo Fundi alitamani ulimi wake ukatike. Alidhani jambo lile analijua, kwamba wamelinyamazia wote wawili, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Kumbe alikuwa amelinyamazia peke yake. Lakini alikuwa ameshalianza, na Mwalimu alikuwa anamtazama kwa macho yale ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyakwepa.

"Mara mbili, mke wangu."

"Akanikaribisha?"

"Alikukaribisha. Mlilia wote wawili."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja. Fundi alisogea amshike bega, lakini Mwalimu akaukwepa mkono wake. Alipofunua uso alikuwa na hasira, na Fundi, niamini, aliifurahia hasira ile kuliko kimya.

"Kwa hiyo mmekaa mkanijadili," alisema. "Wewe na Wino na jirani, na binti yetu bila shaka. Mkanisahihisha nyuma ya mgongo wangu. Watu wote wana habari zangu, isipokuwa mimi."

"Nilitaka usiaibike."

"Sasa mbona nimeaibika? Na tena nimeaibika kwako, ambaye ni wa mwisho niliyetaka aone." Akatazama mikono yake, akaigeuza, yenye madoa ya zambarau kwenye kucha. "Kuna siku nasimama jikoni sijui nilifuata nini. Najiambia ni uzee, kila mtu husahau. Naogopa, Fundi."

Fundi ni mtu ambaye msumari ulimpita kiganjani akatania kwamba sasa ataweza kujitundika ukutani. Lakini neno lile lilimvunja. Aliketi kando yake juu ya mbao, machozi yakamtoka wala hakuyaficha. "Na mimi naogopa," alisema. "Naogopa sana. Sikujua nikwambieje."

Walikaa hivyo. Hawakuwa wamewahi kuliongea, si mezani, si kitandani, na sasa lilikuwa limekaa katikati yao mchana kweupe. Mwalimu alimpa upindo wa nguo yake afute pua, kisha akaunusa akasema unanuka gundi.

"Tutakwenda hospitali," alisema Mwalimu baadaye. "Lakini baada ya ufunguzi. Na binti utampigia wewe, umwambie ukweli, nami nikisikia."

"Sawa. Na picha? Hii ina hesabu sahihi. Hakuna atakayejua."

"Mimi najua. Jina langu halitakaa chini ya mkono wa mashine."

"Basi tuwaambie umeshindwa kwa sababu ya—"

"Nani kashindwa? Nimekosa uzi mmoja, sijafa."

Alisimama, akajipangusa unga wa mbao. Akampigia Wino, na Fundi alimsikia akisema, "Mwanangu, ulihesabu vizuri. Nilikufundisha vizuri. Lakini siku nyingine ukiniona nimekosa, unirudishie mimi mwenyewe. Nina kalamu nyekundu hapa nyumbani." Upande wa pili Wino akalia waziwazi, na Mwalimu akamngoja hadi alipomaliza. Wakapatana kwamba mchoro mpya utafika kabla ya ufunguzi hata ikibidi watu wasilale kule dukani.

"Sasa wewe," alimgeukia mumewe. "Kanawe mikono. Leo utasoma."

Meza ya dirishani iliondolewa vikombe, karatasi mpya ikabandikwa pembe zote. Fundi aliketi ubavuni kwa mkewe, mikono magotini. Mwalimu akamfundisha tangu mwanzo, uzi unavyojizalia mwenzake, unavyojipanga katikati, unavyovutwa. Safari hii Fundi hakuuliza habari za chakula. Aliuliza ni nani anayezivuta, na Mwalimu akamtazama kwa mshangao, kwa kuwa lilikuwa swali zuri, akamweleza.

"Nikianza kuchora, wewe unahesabu," alisema. "Kwa sauti ya chini, usinipigie kelele. Usiniwahi. Usinipake mafuta. Nikiuliza, unanijibu kilichopo."

"Na wakiuliza nani alihesabu?"

"Nitasema mume wangu. Watacheka hadi wadondoke."

Alichora za juu zote nne kwa mkono mwepesi, kila mmoja na mkunjo wake, na Fundi akahesabu kila mmoja. Akaanza za chini. Mmoja, Fundi alisema. Mbili. Tatu. Nje pikipiki ilipita ikipiga honi, na mtu akaita mtu. Mwalimu aliinua kichwa akatazama dirishani, brashi ikiwa hewani. Alitazama kwa muda, hata pikipiki ilipokuwa imeshakwenda zake. Kisha akarudi kwenye karatasi, na macho yake yakaanza kutembea juu yake, huku na huku, kama mtu aliyeingia chumba cha watu.

Neno lilimjia Fundi hadi kwenye meno. Lakini alikuwa ameambiwa asimwahi, akakaza mikono magotini, akangoja. Aliona rangi ikianza kukauka kwenye ncha ya brashi.

"Fundi," Mwalimu alisema bila kuinua uso. "Nimefika wapi?"

"Wa tatu," alisema. "Bado mmoja."

Mwalimu alichovya brashi kwenye maji, kisha kwenye zambarau, akauchora.